Nusu Dozi

Kariakoo hakuna kitu kisichogawanyika. Nyanya zinauzwa kwa fungu, mafuta ya kula kwa kipimo, sukari kwa robo, sigara moja moja, kitambaa kwa mita au hata nusu mita ukimbembeleza mwenye duka. Mtu mwenye shilingi mia tano ana haki ya kununua kitu cha mia tano, na muuzaji anayemkatalia hajui biashara. Huo ndio uungwana wa soko letu na mimi naupenda. Umewalisha watu ambao wangelala njaa kama kila kitu kingeuzwa kwa katoni.

Sasa kuna bidhaa moja isiyokubali kugawanywa, nayo inauzwa kwenye mitaa hiyohiyo, kwa desturi hiyohiyo. Robo ya sukari ni sukari. Nusu ya dozi ya malaria si dawa pungufu tu. Inaweza kuwa mbaya kuliko kutokunywa kabisa, maana inaua vimelea dhaifu na kuviacha vile vyenye nguvu vizaliane kwa raha. Ugonjwa una kipimo chake kimoja na haukuulizi una shilingi ngapi mfukoni.

Watu wengi wanaoandika juu ya biashara ya dawa huandika juu ya tamaa. Makampuni yana tamaa, wenye maduka wana tamaa, basi, hadithi imekwisha. Sikatai, tamaa ipo. Lakini tamaa haielezi kitu. Muuza dawa wa mwaka 1985 na wa mwaka 2011 walikuwa na tamaa ileile, na bado yule wa 2011 alimuuzia mgonjwa maskini dawa bora kuliko mwenzake. Kwa nini? Swali hilo ndilo lililonifanya nianze kufuatilia safari ya kidonge cha malaria katika mji huu, tangu kwinini hadi mseto.

Tuanze na jina. Kariakoo, kama wengi mnavyojua, ni Carrier Corps iliyopita kwenye ulimi wa Kiswahili. Waingereza walipouteka Dar es Salaam Septemba 1916, eneo hili likawa kambi ya wapagazi wa jeshi. Nairobi nao wana Kariokor yao, asili ni ileile. Ukitembea leo utaona mitaa inaitwa Narung'ombe, Mahiwa, Tandamti. Wateja wanaogombania bei pale, sijui wangapi wanakumbuka kwamba hayo ni majina ya mapigano ya mwaka 1917 huko kusini, upande wa Lindi. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza wanakadiriwa kukaribia laki moja, na risasi iliua wachache. Walioua wengi ni kuhara damu, homa ya mapafu, malaria na unga usioiva. Geoffrey Hodges aliandika kitabu kizima juu yao, na mtu akikisoma hawezi tena kulitamka jina la soko hili kwa wepesi. Soko kubwa la nchi limepewa jina la jeshi la watu walioangamizwa na maradhi.

Dawa ya malaria wakati huo ilikuwa moja: kwinini, inayotoka kwenye gome la mti wa sinkona. Wajerumani waliijua thamani yake mapema. Robert Koch mwenyewe alikuwa hapa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 akichunguza malaria, na baadaye kidogo madaktari wa Kijerumani wakajaribu kupima damu za wakazi wa mji na kuwapa kwinini waliokutwa na vimelea. Kule Amani, milima ya Usambara, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa 1902 kilipanda sinkona. Vita vilipokuja na meli za Ulaya zikazuiwa, magome hayo ndiyo yaliyowaokoa askari wa von Lettow-Vorbeck. Walipoishiwa vidonge walichemsha gome wakanywa maji yake machungu, wakayabatiza jina la pombe, schnapps ya Lettow. Mzaha wa watu wenye homa.

Ila nje ya vita, bei ya kwinini haikupangwa Amani wala Dar es Salaam. Ilipangwa Amsterdam. Waholanzi walikuwa wameihamishia sinkona Java, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 zaidi ya asilimia 90 ya gome la dunia lilitoka huko. Mwaka 1913 wenye mashamba na wenye viwanda wakakubaliana na kuunda ofisi yao, Kina Bureau, ya kugawana soko na kulinda bei isianguke. Gome likizidi, uzalishaji unapunguzwa. Marekani waliwashtaki mwaka 1928 kwa sheria zao za kupinga ukiritimba. Mwafrika aliyekuwa akitetemeka kwa homa Pugu Road hakuwa na mahakama ya kuwashtaki. Dunia ilikuwa na watu wengi mno wanaohitaji kwinini na wachache wanaoweza kuilipia, na ofisi ile ilihesabu hao wachache.

Halafu ikaja klorokwini. Iligunduliwa Ujerumani, kwenye maabara za Bayer, mwaka 1934, ikawekwa kando kwa kudhaniwa ina sumu, ikarudi baada ya Vita vya Pili. Baada ya hapo ikawa rahisi kuliko dawa yoyote ya malaria iliyotangulia. Kizazi cha wazazi wangu kinaikumbuka kwa mambo mawili: uchungu na kuwashwa. Mwasho wa klorokwini si wa kujikuna ukaisha. Ni mtu mzima kukesha anajisugua kwenye ukuta. Dozi ya mtu mzima ilikuwa vidonge kumi, nne leo, nne kesho, mbili keshokutwa. Tafadhali ikumbuke hesabu hiyo: nne, nne, mbili. Siku ya pili homa imeshuka, mwili unawaka kwa mwasho, na una vidonge sita mkononi. Nani atamaliza?

Lakini ninakimbia. Kati ya uhuru na miaka ya themanini dawa ilikuwa, kwa sera, mali ya umma. Baada ya Azimio la Arusha serikali ilitaka kutengeneza dawa yenyewe: kiwanda cha Keko kilianza mwaka 1968, na baadaye kikafuata cha TPI kule Arusha. Mwaka 1977 sheria ikapiga marufuku tiba binafsi ya kutafuta faida. Mtu anaweza kudhani basi, faida ilifukuzwa mlangoni. Haikufukuzwa. Ilikuwa imekaa ndani, imevaa tai na kubeba mkoba wa sampuli.

Daktari Mwingereza John Yudkin, aliyefanya kazi Dar es Salaam miaka hiyo, aliandika kwenye jarida la Lancet mwaka 1978 jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Katika nchi ya ujamaa, yenye madaktari mia kadhaa tu, kulikuwa na mwakilishi mmoja wa makampuni ya dawa kwa karibu kila madaktari wanne. Uwiano wa Uingereza kwenyewe ulikuwa mdogo mno ukilinganisha na huo. Watu hao walikuja na kalamu, kalenda na vipeperushi, na kazi yao ilikuwa kuhakikisha fedha kidogo za kigeni za nchi zinakwenda kwenye vitoniki na dawa zenye majina ya biashara. Yudkin alilalamikia pia dawa za maumivu za jamii ya amidopirini na dipironi, zenye hatari ya kuangamiza chembe nyeupe za damu. Mwaka 1977 Marekani iliiondoa dipironi sokoni kwake. Kwetu madaktari waliendelea kuambiwa zinafaa kwa maumivu ya kawaida. Sera ilimkataza daktari wa Tanzania kufanya biashara, lakini haikumzuia kuwa mteja.

Jibu lililokuja lilikuwa la heshima. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, na katikati ya miaka ya themanini, nchi ikiwa haina fedha za kigeni na maduka yakiwa matupu hadi sabuni, Denmark na UNICEF wakasaidia mpango wa dawa muhimu Tanzania. Dawa zikaanza kuja kwenye maboksi yaliyofungwa tayari, boksi la zahanati na boksi la kituo cha afya, kila mwezi, yamefungwa huko yalikotoka na hayafunguliwi mpaka yafike kijijini. Klorokwini ilikuwa ndani. Boksi lile lilikuwa na akili ambayo naona hatujaisifu vya kutosha: mtu wa katikati hakupewa nafasi ya kukata. Kasoro yake ni kwamba kila kijiji kilipata boksi lilelile, kiwe na malaria nyingi au kidogo, na wiki ya tatu mara nyingi lilikuwa limebaki na visivyohitajika.

Wiki hiyo ya tatu ndiyo iliyowapeleka watu dukani.

Duka lenyewe lina jina zuri: duka la dawa baridi. Kisheria ni duka la sumu za kundi la pili, yaani dawa zinazoruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari. Watu hawakuona sababu ya kuliita duka la sumu. Wakaliita la dawa baridi, dawa zisizo kali, kama kwamba nyingine zote ni za moto. Mzee Ruksa alipofungua milango ya biashara, na sheria ya 1977 ilipolegezwa mwaka 1991, maduka haya na famasi kubwa yakaota kila kona. Mwaka 1993 ukaja na uchangiaji wa gharama hospitalini; kama huko nako ni kulipa, kwa nini upange foleni? Kariakoo ikawa, na bado iko, tumbo la mfumo huo. Mwenye duka la Mbagala, Kibaha au Ifakara anakuja na basi la alfajiri, anazunguka maduka ya jumla kuanzia Mnazi Mmoja kuingia ndani, analinganisha bei, anafunga boksi kwa kamba na kurudi. Ukitaka kujua nchi inaumwa nini, angalia maboksi yanayopakiwa.

Hapo sasa desturi ya fungu ikakutana na nne, nne, mbili. Klorokwini ilikuja kwenye kopo la vidonge elfu moja. Kopo halina dozi. Lina vidonge, na kidonge ni kitu cha kuhesabu kama karanga. Mama anakuja na hela ya vidonge vinne, anauziwa vinne kwenye kikaratasi, anaambiwa arudi kesho kumalizia. Kesho mtoto hana homa. Muuzaji hakumdanganya mtu na faida yake ni ndogo kuliko ya muuza mitumba. Mama naye ametumia hela yake vizuri kwa kadiri alivyojua. Ukiwaweka wote wawili mahakamani utawaachia huru. Ila ukizidisha biashara hiyo ndogo mara mamilioni, kwa miaka 20, unapata kiumbe kipya: kimelea kisichojali klorokwini.

Usugu wa kwanza barani Afrika ulionekana huku kwetu Afrika Mashariki, Kenya na Tanzania, mwishoni mwa miaka ya sabini. Si haki kusema ulizaliwa Kariakoo. Wataalamu wanaonyesha kwamba aina sugu ilisafiri kutoka Asia. Lakini ilikaribishwa vizuri. Kufikia mwisho wa miaka ya tisini klorokwini ilikuwa ikishindwa kwa karibu nusu ya watoto waliotibiwa kwenye vituo vya uchunguzi. Nusu! Na bado ndiyo iliyokuwa ikiuzwa, kwa sababu ilikuwa rahisi, na kwa sababu nyingine isiyozungumzwa sana: hakukuwa na kitu cha kuibadili. Makampuni makubwa yalikwishaondoka kwenye malaria. Kati ya dawa mpya 1,393 zilizoingia sokoni duniani kati ya 1975 na 1999, zilizokusudiwa magonjwa ya nchi za joto pamoja na kifua kikuu zilikuwa 16 tu. Kina Bureau ilikuwa na dawa ikaficha bei chini ya mkeka. Warithi wake walifanya hesabu ileile wakaona hata kuitafuta dawa hakulipi.

Agosti 2001 serikali ikaiondoa klorokwini, ikaweka SP, ile ambayo wengi waliiita Fansidar, au Metakelfin kwa wanaojali jina. Vidonge vitatu mara moja, kwisha. Kwa jicho la fungu hii ilikuwa dawa nzuri mno: huwezi kusahau siku ya pili kama haipo. Lakini ilikuwa daraja la miti. Nusu yake ni pirimethamini, na usugu dhidi ya pirimethamini ulikwishaonekana Mkuzi, wilayani Muheza, tangu miaka ya hamsini, enzi za daktari Clyde. Waliochagua SP walijua. Walichagua kwa sababu iliwezekana kulipiwa.

Nataka nikae kidogo kwenye Metakelfin, kwa sababu inafundisha kitu kuhusu imani. Kati ya majina yote ya SP na ndugu zake, hilo ndilo lililopendwa. Watu waliomba kwa jina na walilipa zaidi. Ndiyo maana likaghushiwa. Mwaka 2009 Metakelfin bandia, isiyo na kiungo cha kutosha, ilikutwa kwenye maduka 40 ya dawa nchini, mpaka Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye mifano yake ya dunia nzima. Hakuna anayeghushi dawa isiyoaminika. Mwaka mmoja kabla, polisi wa kimataifa wa Interpol walikuwa wamefanya msako Tanzania na Uganda na kuuita Operesheni Mamba. Jina zuri, lakini mamba huwinda kwenye maji, na dawa bandia husafiri kwenye buti la gari.

Mseto nao. Ugunduzi wa Wachina, uliomletea Tu Youyou Nobel mwaka 2015, ulikuwa kiungo cha artemisinini kutoka kwenye mmea wa pakanga. Kikiunganishwa na lumefantrini kinakuwa ALu. Novartis ya Uswisi iliiuza kwa jina la Coartem. Wizara ikaiita dawa mseto. Aliyechagua neno hilo alikuwa na sikio. Mseto ni wali uliopikwa na choroko, chakula cha nyumbani kisichohitaji maelezo, na kila mtu alielewa papo hapo kwamba hapa kuna vitu viwili kwenye sufuria moja. Ninaweka jina hilo juu ya kampeni nyingi za afya zilizotumia mabilioni.

Tatizo likawa bei. Mwaka 2001 Novartis ilikubaliana na Shirika la Afya Duniani kuiuza kwa serikali bila faida, dola 2.40 kwa dozi ya mtu mzima. Hata hiyo ilikuwa ghali mara nyingi kuliko klorokwini, na makubaliano hayakumhusu mwenye duka. Vituo vya serikali vilipoanza kuitoa mwanzoni mwa 2007, kwa fedha za Mfuko wa Dunia, famasi za mjini ziliiuza kwa maelfu ya shilingi, na SP iliyochoka ikaendelea kuuzwa pembeni yake kwa mia kadhaa. Baya zaidi, vilikuwepo vidonge vya artemisinini peke yake, bila mwenzake. Utafiti uliochapishwa 2006 kwenye Malaria Journal ulivikuta famasi za Dar es Salaam, mwaka uleule ambao Shirika la Afya Duniani lilikuwa likiyasihi makampuni yaache kuvitengeneza. Tulikuwa tunaichoma dawa mpya kabla haijaingia nyumba nyingi.

Sasa tufike kwenye jibu la swali langu. Mwaka 2007 ulianza mradi wa majaribio katika wilaya za Maswa na Kongwa. Mseto uliuzwa kwa muuzaji wa jumla kwa bei iliyopunguzwa sana, kisha ukaachwa ushuke wenyewe kupitia njia zake za kawaida hadi maduka ya dawa baridi. Kabla ya hapo, kati ya kila wanunuzi 100 wa dawa za malaria kwenye maduka hayo, mmoja alinunua mseto. Baada ya kama mwaka mmoja walikuwa 44. Wenye maduka hawakugeuka malaika katikati ya mwaka. Waliongeza faida yao kama kawaida. Ila bei ya kuanzia ilikuwa chini kiasi kwamba hata baada ya faida, mseto ulilingana na SP. (Maduka ya vijiji vya mbali yalibaki nyuma, na hili lisisahaulike.)

Mpango huo ukakuzwa ukawa wa kimataifa, nchi saba, Tanzania Bara na Zanzibar zikiwemo. Kuanzia mwisho wa 2010 pakiti zenye nembo ya jani la kijani zikaanza kushushwa kwenye maghala ya waagizaji wa Dar es Salaam, na bei iliyopendekezwa kwa dozi ya mtu mzima hapa Bara ilikuwa shilingi 1,000. Na hapa kuna jambo ambalo tathmini za wachumi hulitaja kwa haraka, mimi naliona ndiyo kiini. Vidonge 24 vilikuja vimefungwa pamoja, na picha ya jua na mwezi kumwonyesha asiyesoma ameze lini. Bei ilikuwa ya pakiti. Hakukuwa na kopo la elfu moja. Kwa mara ya kwanza kipimo cha biashara na kipimo cha ugonjwa vilikuwa kitu kimoja. Mwenye shilingi elfu moja alinunua kitu cha elfu moja, kama Kariakoo inavyotaka, na kitu hicho kilikuwa dozi nzima.

Oxfam walikasirika. Mwaka 2012 walitoa ripoti ambayo kichwa chake kilitaja chumvi, sukari na vidonge vya malaria, wakisema ni hatari kumkabidhi dawa mtu anayeuza chumvi, kwa sababu hapimi damu. Niliposoma nilicheka, maana muuza chumvi alikuwa na dawa kwa miaka hamsini kabla ya Oxfam kushtuka. Lakini kwenye kupima walisema kweli. Homa nyingi za mjini si malaria, na mseto wa bei nafuu ulimezwa na wengi wasio nayo.

Wapo wanaosema dawa ya kweli ni kuliondoa duka kabisa, dawa itolewe bure na serikali. Zanzibar walifanya karibu hivyo: kuanzia 2003 mseto wa aina nyingine ulitolewa bure kwenye vituo, vyandarua vikafuata, na malaria ikashuka mpaka ikawa ugonjwa wa kutafutwa. Ni mfano mzuri. Ni visiwa pia, na vituo vya afya viko karibu na watu. Tena mkono wa umma si msafi kwa kuzaliwa. Mwaka 2012 ziligundulika dawa bandia za kufubaza virusi vya Ukimwi ndani ya hospitali, zikiwa na lebo ya kiwanda cha TPI, zilizopita kwenye Bohari ya Dawa, chombo cha umma kilichoundwa kwa sheria ya 1993. Waziri wa Afya, Hussein Mwinyi, akatangaza kusimamisha uzalishaji kiwandani, na viongozi wa Bohari wakasimamishwa kazi. Mgonjwa aliyemeza vidonge vile hakuwa ameenda kwa mchuuzi. Alipanga foleni, akaandikwa kwenye daftari, akapewa na mtu aliyevaa koti jeupe.

Leo ukiingia kwenye maduka ya dawa ya mitaa hii utaona vibao vya Duka la Dawa Muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma 2003 na kuenea nchini, wenye wauzaji waliofundishwa. Utaona pia kipimo cha haraka cha malaria. Hapo hesabu imegeuka tena. Kipimo kikisema huna malaria, duka limepoteza mauzo ya mseto na mteja bado ana homa mbele ya meza. Atauziwa nini? Tafiti za nchi kadhaa, yetu ikiwemo, zimekuta kwamba kipimo kikiingia, mseto unapungua na antibiotiki zinaongezeka. Na antibiotiki, ole wetu, zinakatika. Nimeona mkasi ukilala pembeni ya kalamu kwenye meza ya zaidi ya duka moja. Kapsuli za amoksilini zinahesabiwa, ganda linakatwa, kumi kwa huyu, sita kwa yule mwenye haraka. Kopo la vidonge elfu moja limerudi kwa umbo lingine.

Kuhusu mseto wenyewe, habari ziko Kagera. Mwaka 2020 watafiti waliripoti kutoka Rwanda vimelea vyenye mabadiliko yanayovifanya vichelewe kufa kwa artemisinini. Mwaka 2024 ukachapishwa utafiti wa Karagwe ukithibitisha jambo hilohilo upande wetu wa mpaka. Mseto bado unaponya huko, kwa sababu mwenzake kwenye sufuria, lumefantrini, bado anafanya kazi. Klorokwini nayo ilikuwa bado inaponya wengi mwaka 1980.

Ruzuku ya jani la kijani ilishapunguzwa siku nyingi. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mpango wao wa malaria ulikuwa kati ya wanunuzi wakubwa wa dawa na vipimo vya nchi hii tangu 2006. Sehemu ya tofauti ya bei, ile iliyomwezesha muuzaji wa Kongwa kubaki na tamaa yake na mama kubaki na dozi nzima, ilikuwa inalipwa na watu wa mbali ambao hawakuwahi kuulizwa na mpiga kura wa Ilala. Bajeti yetu ikishindwa kuibeba, maduka ya jumla hayatafungwa hata siku moja. Mabasi ya alfajiri yatashusha wanunuzi kama kawaida, watauliza bei, watasikia imepanda, na watafanya kile wanachojua kufanya vizuri kuliko wote: watatafuta kitu ambacho mwenye shilingi mia tano anaweza kununua.